Mshale Ambao Sikuusubiri

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini kukuandikia bila kukuamkia nimeshindwa.

Huku kwenye chuo cha wachungaji wanatufundisha Kigiriki cha zamani. Jana mwalimu aliandika ubaoni kitenzi, histemi. Akasema maana yake ni kusimamisha: mtu anasimamisha nguzo, anasimamisha farasi. Halafu akaongeza, kama jambo dogo tu, kwamba Wagiriki walikitumia pia kwa kupima uzito, maana kitu unakiweka kwenye mizani na kukisimamisha hapo. Wenzangu wakaandika. Mimi nilikuwa nimeshafika Endagikot, stoo kwetu.

Unakumbuka ile mizani yako ya kuning'inia, ya vitunguu saumu? Jirani akileta gunia lake alitaka usome haraka, na wewe unamwambia, "Subiri isimame." Mshale ukitetemeka hata kidogo, hufungui mdomo. Watu walikucheka, ila walikuja kwako.

Mwaka ule suruali zako zilianza kukuvuka. Mama akasema nikupeleke hospitali. Ukabisha kwamba hujapungua, ukaenda kwenye mizani, ukashika ndoano kwa mikono miwili na kukunja miguu, mzee mzima unabembea.

"Haya, binti, soma."

Mshale ulikuwa unacheza kati ya hamsini na moja na hamsini na tisa. Nikasema hamsini na tisa. Gari la wanunuzi kutoka Katesh lilikuwa linapiga honi, na tena niliogopa, baba. Niliogopa ile namba ya chini.

"Si unaona," ukamwambia mama. "Tuvune kwanza."

Tulikuzika vitunguu vikiwa bado vinakauka.

Tangu hapo mshale ule unacheza machoni pangu, hata nikiwa kanisani. Nimejilaumu miaka yote hii. Lakini jana darasani limenijia jambo linaloniumiza zaidi: siku ile hukuniambia nisubiri. Wewe, uliyewasubirisha watu wa kata nzima. Ulijua mizani bado haijasimama, si ndiyo? Ulijua, ukaniacha niseme.

Nikija likizo nitaingia stoo, niishike ile ndoano mpaka mshale usimame. Sina cha kupima. Nataka tu, hata mara moja, nisubiri.

Pumzika, baba.

Mwanao, binti yako wa kwanza