Damu ya Upande wa Baba

Jumatatu, 7 Julai

Madera sita tangu asubuhi. Umeme umekatika mara mbili, nikamalizia kwa cherehani ya mguu. Mteja kalalamika mkono wa gauni mfupi. Mkono wake mwenyewe ndio mrefu, ila nimefumua.

Bima wamejibu. Mistari minne. Upasuaji wa kutoa ovari na matiti kwa mtu asiyeumwa hawalipii. Asiyeumwa! Dada yangu Salma, mgonjwa wa saratani ya ziwa, walimlipia drip, mionzi, vitanda, mpaka siku anakata roho mwaka jana. Na mie nikiugua watalipa. Nikitaka nisiugue, shauri yangu. Daktari alinichorea kwenye karatasi: kunikata sasa ni nafuu kuliko yale yote waliyommwagia Salma, na mie ningebaki hai juu yake. Hata muuza vitumbua anaielewa hesabu hiyo.

Nauza kiwanja cha nyuma. Ovari kwanza, matiti baadaye. Nimeshaamua.

Jumatano, 9 Julai

Kliniki. Ile kasoro ya kuzaliwa nayo, kipimo cha damu kilishasema ninayo. Leo daktari alitaka habari za ukoo. Nikamwambia kwa mama yangu hakuna aliyeumwa hivi. Bibi yuko Handeni, mkongwe, bado analima. Akauliza kwa baba. Nikacheka, baba ana matiti? Akasema mwanamume anaibeba vilevile, anampa binti yake, yeye mwenyewe haumwi.

Sikucheka tena. Bibi mzaa baba alikufa tumbo limejaa maji. Tuliambiwa ini.

Halafu nikakumbuka msiba wa Salma. Shangazi Rukia, dada yake marehemu baba, alisimama katikati ya wanawake, Mama kakaa pale mkekani na kanga yake ya kilio, akasema, "Damu ya Handeni hiyo. Kwetu sie hakuna maradhi ya namna hii." Kwao Buguruni, Waarabu wenye duka, watu safi. Wanawake wakamgeukia Mama wakamtazama. Tangu siku ile Mama hajakanyaga Buguruni, na nimewahi kumkuta anaomba msamaha kwa picha ya Salma.

Jumamosi, 12 Julai

Yarabi.

Shangazi Rukia kaja mwenyewe hapa Bunju kushonesha gauni. Nasra, binti yake wa pekee, amepata posa kutoka Kawe. Miaka yote shangazi hapimwi. Analetaga gauni la zamani, anasema nifuatishe hilohilo. Mie nilidhani anaona haya. Sasa sukari imemkondesha, ya zamani yote yananing'inia, ikabidi asimame.

Nikamzungushia futi kifuani. Ufundi wangu mwaka wa kumi na tisa huu, ziwa la mtu nalijua kwa mkono. Ukikaza futi, nyama inaitika. Hii haikuitika. Sponji. Kulia sponji, kushoto sponji. Shingo ya blauzi ikashuka kidogo, nikaona mwanzo wa kovu, limenyooka, limeshonwa vizuri. Akavuta mtandio. Macho yetu yakakutana kwenye kioo. Akaniambia niandike upesi, ana wageni nyumbani.

Miaka tisa iliyopita alikwenda India. Tuliambiwa uvimbe wa kizazi. Tukamsomea dua, na aliporudi Mama alimpikia biriani.

Alijua.

Jumapili, 13 Julai

Sijashona kitu. Salma alishika kigololi kwenye ziwa akadhani ni maziwa yameganda, alikuwa ananyonyesha. Alikaa nacho miezi minane. Angejua ya ukoo wake asingekaa nacho hata wiki.

Namchukia Shangazi Rukia. Nimeliandika nione linakaaje. Linakaa vizuri.

Jumatano, 16 Julai

Wamekuja wanawake wawili na kitambaa cha satini, eti wanataka magauni. Kutoka Kawe mpaka Bunju kutafuta fundi! Nikajua. Ndugu wa bwana harusi, wamekuja kuchunguza. Ndivyo ifanyikavyo, kabla ya mahari watu huulizia kwa jirani, kwa ndugu, kwa fundi. Hawa wamepata fundi aliye ndugu.

Yule mnene akaanza kwa mbali. Nasra mtoto mzuri, ana dini. Halafu: ile saratani ya dada yako, pole, ni ya kwa mama yenu eti? Mama Nasra katuhakikishia kwao haipo.

Kumbe! Kamchinja Mama mara ya pili ili amsafishe mwanawe.

Lilikuwa hapa ulimini. Neno moja tu, wangekunja satini yao na posa ingeishia Bunju. Nilitamani, Mungu ananiona. Lakini nikapiga hesabu. Shangazi angesema nina wivu, mtalaka mie, naharibia wenzangu. Nasra angemwamini mama yake. Maneno nikayameza. Sumu hii si ya kumwaga Kawe. Nitaimwaga kwa mtu mmoja tu, Nasra, yule ambaye shangazi hawezi kuvumilia ajue.

Nikawaambia, "Mie fundi tu, dada zangu. Simameni niwapime."

Alhamisi, 17 Julai

Nimemwambia Mama. Kwanza hakunielewa, nikarudia. Akauweka chini ungo wa mchele. Akasema mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamjibu kaficha mwingine, kaumbuka Salma. Halafu akaniuliza, "Na Nasra anajua?"

Wallahi nilikuwa sijamfikiria hivyo. Nilimfikiria kama kisu. Ana miaka ishirini na minne, na yeye kazaliwa na yuleyule. Huenda anayo.

Sasa nina sababu mbili. Hasira haijapungua hata chembe.

Jumamosi, 19 Julai

Nimepeleka gauni Buguruni. Lesi ya bluu, limemkaa shangazi kama kazaliwa nalo. Kazi yangu siiharibu kwa sababu ya mtu.

Walikuwa wawili chumbani, yeye na Nasra anamfunga vifungo. Nikasema, "Shangazi, mwambie mwanao India walikukata nini."

Akaniambia nitoke kwake. Sikutoka. Akaniita mwana wa mchawi. Sikutoka. Nasra akamtazama mama yake, akanyoosha mkono taratibu, akambonyeza kifua. Vidole vikazama kwenye sponji. Akabonyeza upande wa pili.

Nilingoja miaka, nadhani, kuuona uso ule wa shangazi. Niliufaidi wote.

Akakaa kitandani, akasema. Hakuwa anaumwa. Daktari wa India alimpima, akamwambia ni ya ukoo, imetoka kwa mama yao, awaambie ndugu zake wote wapimwe. Akakatwa kabla haijaanza. Akarudi akafunga mdomo. Kwa nini? "Ningesema, nani angewaoa? Salma aliolewa kwa sababu nilinyamaza."

Nikamwambia, "Na kafa kwa sababu hiyohiyo."

Nikatoka.

Jumatano, 30 Julai

Kimya Buguruni. Nimeuza kiwanja. Mnunuzi kaanza kumwaga mchanga leoleo, hana subira.

Naona raha kwamba shangazi anateseka. Nimeangalia moyoni kama kuna huruma nimeiweka mahali. Hakuna.

Jumatano, 6 Agosti

Nasra kaja kliniki. Katoa damu. Nilimsindikiza. Tukiwa nje akaniambia kamweleza mchumba wake mwenyewe, yote, na kwamba akijua majibu atamwambia pia. Sikumtuma. Mie nilikuwa napanga kumwangusha mama yake tu, yeye kaenda kujibomolea nyumba kwa mkono wake. Nimeona aibu kidogo. Kidogo.

Jumanne, 12 Agosti

Kawe wametuma mtu. Wanaomba "tusubiri kwanza". Kila mtu anajua maana yake. Yule mnene kapitia satini yake kwangu, haijakatwa, hakuniangalia usoni.

Shangazi kanipigia mara kumi na moja. Sijapokea. Mara ya kumi na mbili nikapokea, nikamsikiliza akilia, nikakata.

Jumanne, 26 Agosti

Nasra anayo.

Daktari kamweleza vizuri. Bado mdogo, sasa ni kupimwa kila mara, mashine na mikono, azae kama anataka, kukata baadaye. Hajachelewa. Neno hilo Salma hakuwahi kuambiwa. Nasra kaandika yote kwenye simu. Halafu akalia mpaka mtandio ukalowa na mie nikalia naye, tena kwa sauti, watu wa foleni wakatupisha benchi zima.

Hajarudi Buguruni. Amelala kwetu, chumba cha Mama.

Jumanne, 2 Septemba

Kesho. Nimemaliza nguo zote za watu. Fomu ya hospitali inataka ndugu wa karibu wa kutia saini. Nasra kaichukua bila kuulizwa. Naogopa. Naogopa sana, na sijamwambia mtu.

Jumamosi, 6 Septemba

Walinikata Jumatano. Salama. Tumbo linavuta nikicheka, na jirani yangu wa kitanda ana vichekesho. Joto linanipanda na kushuka. Walisema itakuwa hivyo.

Leo saa ya kuona wagonjwa aliingia Shangazi Rukia. Gauni la kawaida, kifua bapa. Hakuweka sponji. Alisimama miguuni pa kitanda, mbele ya wodi nzima, hakunitazama mie wala mwanawe. Alimtazama Mama. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Wifi, ilikuwa damu yetu. Si yako."

Mama alikuwa anamenya chungwa. Hakuinua kichwa. Alimenya mpaka mwisho, akaligawa mafungu matatu: langu, la Nasra, lake.

Shangazi alibaki amesimama. Chungwa lilikuwa kali kidogo. Nilikula fungu langu lote.