Makofi ya Kumuaga Mgeni

Mdogo wangu Kresensia,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia moyoni. Anayeandika ni mwanangu Adelina, mimi nasema tu, na nimemkataza kunipamba. Baridi ya Sumbawanga inauma kama ya huko Mwazye.

Jana nilimsindikiza kliniki kuchukua dawa zake, zile ambazo bila hizo tungeshamzika. Tukakuta mgeni, Mmarekani mwembamba, amekuja kusema nchi yake haitaleta dawa tena. Nesi alipomaliza kututafsiria, sisi akina mama tukachuchumaa tukampigia makofi, kama tunavyomuaga mgeni yeyote. Akawa mwekundu, akauliza, "Wanafurahi kwamba tunaondoka?"

Nikamwambia nesi, "Mwambie hiyo ni asante na kwaheri. Waliomweka mwanangu hai miaka yote hii hawaondoki kimyakimya. Ila asitusikitikie sana, hatukuzaliwa mikononi mwao."

Nesi akasita.

"Tafsiri yote," nikasema.

Akatafsiri. Yule mgeni akacheka, akachuchumaa naye, akapiga makofi vibaya kabisa, kama anafukuza kuku.

Kisha nesi akafungua kabati. Serikali yetu imenunua yenyewe dawa, kopo geni, kidonge kilekile. Leo Adelina amekimeza kwa uji wa ulezi wako, nami namtazama koo likipanda na kushuka. Nimeshukuru mpaka nimechoka.

Mungu akutunze, mdogo wangu. Ukinikumbuka piga makofi hukohuko, nitasikia.

Dada yako,
Mama Adelina