Kopo la Kahawa Karibu na Jiko

Wendell,

Supu ya maharage iko kwenye friji. Mbwa keshakula, asikudanganye.

Vile viazi ulivyovisifu asubuhi umevikaanga kwa mafuta ninayowalisha panya wangu wa maabara. Hufi, ni mafuta ya samaki, niliyatia kwenye kopo tupu la kahawa. Nilisahau kwamba katika nyumba hii, kopo la kahawa likikaa karibu na jiko, ndani huwa ni mafuta ya bekoni, ya nguruwe, ya kukaangia, tangu enzi za mama yako. Haya yangu ya samaki nachunguza kama yanauongezea nguvu ule ute unaolikinga tumbo lisiunguzwe na asidi.

~~Usiguse tena makopo yangu.~~

Ila leo sijakusikia ukilalamikia kiungulia chako cha kila siku. Yaliyobaki nimekuachia, kesho kaanga tena, uniambie. Panya wangu wana kasoro moja tu: hawajui kulalamika kama wewe.

Mkeo