Kwa Nini Harusi Isifanywe Nairobi

Dada Mwikali,

Nakusalimu kutoka Kibwezi, ambako joto limetuvua makoti ya heshima kabla hata hatujakaribishwa. Wakwe wa mwanao Kyalo wametupokea kwa muthokoi wa mahindi na maharagwe, na nyama. Nilipojaza mdomo tu, baba ya msichana akasema lile ulilohofia: harusi iwe Nairobi.

“Ndio mji mkuu, mjomba. Nchi nzima iliona panafaa. Huko kwenu Nuu hata maji ni ya kubahatisha.”

Nikameza. “Mzee, nchi gani iliona? Pale palikuwa kinamasi. Wazungu wa reli walisimama kupumzika kabla ya kupanda milima, wakazoea, na serikali ikahama Machakos kuwafuata. Sasa mtu akisinzia njiani, hapo ndipo pawe kwao?”

Mkewe alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Mzee akang’ang’ania maji tu.

“Watanzania walichagua Dodoma,” nikamwambia, “na ni pakavu kama Nuu. Walitaka katikati ya nchi yao, maji wakayatafuta baadaye. Katikati yetu sisi ni kwa mama ya kijana. Dada yangu haozeshi mtoto kwa ukumbi wa kukodi.”

Mzee akakubali. “Haya, Nuu basi. Lakini watu wangu wataoga?”

“Mpaka nyuma ya masikio,” nikasema.

Kwa hivyo umeshinda, dada. Anza kujaza matangi leo. Mungu akupe mvua, na moyo wa kutowanunia wakwe wakifika.

Ndugu yako,
Mutua