Msemaji wa Tarehe Tisa Machi

Alder Falls, Wisconsin
12 Februari 2014

Mwanangu Ingrid,

Hujambo? Kifua kimepona? Mimi mzima, ila magoti yanalalamika na baridi hii.

Unajua usharika wetu hauna mchungaji. Kila Jumapili tunamwalika mtu. Ratiba ya Machi iko tayari. Tarehe mbili anakuja mama mmoja mfuga nyuki. Tarehe kumi na sita, Mbudha atatufundisha kukaa kimya, na Harriet wa kamati, na domo lake unalolijua, sijui ataweza vipi!

Tarehe tisa nimeiruka makusudi. Atazungumza Dale Rusk. Alitoka gerezani Novemba. Kamati ilipiga kura, nami niliinua mkono. Nimetaka usikie kwangu kwanza.

Mama yako

Duluth
17 Februari

Mama,

Salamu leo sina. Dale Rusk alishika usukani amelewa, akamuua Nils aliyekaa kando yake. Mdogo wangu. Mwanao! Leo mnampa kipaza sauti na kahawa? Sawa, nyinyi mnapokea kila mtu, lakini hata mlango ulio wazi una kizingiti. Mtoeni. La sivyo, usinihesabu tena.

Ingrid

Alder Falls
22 Februari

Mwanangu,

Hujambo, hata kama hutaki kuitikia. Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, sufuria ikaungua. Harriet kaniambia, "Lorna, sema neno moja tu, tutatafuta mwingine." Sikulisema.

Mahakamani Dale hakufungua mdomo; wakili wake alimkataza. Nataka kusikia siku ya mwisho ya mwanangu ilikwendaje. Wewe hutaki?

Mama

Alder Falls
10 Machi

Ingrid,

U mzima? Wiki mbili nimemngoja tarishi, hakuna kitu.

Basi, jana alikuja. Amekonda, kavaa koti la kuazima. Hakujitetea hata kidogo. Wakati wa maswali nikasimama nikamuuliza, "Hamkuwa na mtu wa kumpigia simu aje awachukue?"

Alifunga kifungo cha koti, akakifungua. Kisha akasema, "Hapana, mama. Hatukumpigia mtu yeyote. Kosa ni langu."

Siku ile nilikuwa kwa shangazi yako, simu nimeizima. Miaka sita nimejiuliza kama Nils alinitafuta. Jana nilipata usingizi.

Mama

Duluth
15 Machi

Shikamoo Mama,

Amekudanganya. Nils alinipigia mimi. Alisema, "Dada, njoo utuchukue, Dale hawezi kuendesha." Wiki ile tulikuwa tumegombana, hata sababu siikumbuki. Nikamwambia atembee kwa miguu, nikakata. Kabla sijakata nilimsikia Dale akisema, "Mbembeleze tena."

Anajua, Mama. Amejua siku zote. Niliogopa angesimama mbele yenu anitaje. Hakunitaja.

Nataka kuja nyumbani. Ukinifungia mlango, nitaelewa.

Ingrid

Alder Falls
24 Machi

Ingrid,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikukasirikia. Barua yako niliitupa, nikaiokota, nikaitupa tena. Hasira bado ninayo, sitakuficha. Na wewe bado ni mwanangu.

Njoo. Lakini kabla hujafika kwangu, pita kwa Dale. Anapanga chumba juu ya duka la rangi, ngazi ziko nyuma. Amekubebea mzigo wako miaka sita bila kuombwa. Nenda ukamtue.

Ukimaliza, uje. Nipo.

Mama yako