Jiwe Halikutumwa

Mama yangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti linakuruhusu kufika shambani. Mimi sijambo huku mgodini, ila baridi ya asubuhi inatusumbua. Dada Tabitha, msomee Mama pole pole.

Tabitha ameniandikia kwamba wajomba wanataka kumrudisha Eliza, mjane wa ndugu yetu Yohana, kwao Msangano. Wanasema jiwe lililomuua Yohana huku mgodini lilitumwa kwa uchawi, maana lilianguka bila kudondosha hata changarawe ya kuonya, na aliyelituma ni mkewe. Mama, hata mimi nilitaka kuamini. Ningepata mtu wa kumkasirikia.

Sasa nafanya kazi katika chumba cha kupimia mawe. Bwana mpimaji hubana kipande cha jiwe katikati ya vyuma viwili. Chuma kimoja hupeleka ndani mlio mwembamba ambao sikio la mtu haliusikii. Ukitokea upande wa pili, mstari wa kijani kwenye kioo cha duara huonyesha umechelewa kiasi gani. Mara ya kwanza niliinama nikatega sikio. Mwenzangu Mulenga, wa kabila la Wabemba, akaniita bwana kwa lugha yao, akicheka: "Mukwai, linakuita kwa jina?"

Juzi waliangusha nyundo nzito juu ya jiwe, ghafla. Nikalishika mikononi: zima kabisa, hata ufa sikuuona. Lakini walipolipima tena, mlio ulichelewa kuliko mwanzo. Ndani lilikuwa limeshapasuka. Nikavua kofia kama niko kanisani.

Nikamwuliza Bwana, "Mbona lile la ndugu yangu halikuonya?"

Akanijibu, "Jiwe likibanwa pole pole hulia, humwaga vumbi. Baruti hulipiga ghafla. Huvunjika ndani, likakaa kimya, mpaka linapoachia."

Mama, Yohana wetu, aliyekuwa akilala amekunja kidole gumba ndani ya ngumi, hakuchukiwa na mtu. Eliza asifukuzwe kwa kazi ya baruti. Siku wajomba watakapokaa kikao juu yake, mwite akae kwenye mkeka wako, ubavuni mwako. Huna haja ya kusema neno. Wajomba wataona.

Nisalimie mjomba mkubwa kwa heshima, hata akikasirika, na shangazi mfuma vikapu. Na Eliza, mke wa mdogo wangu, mwambie nguo za Yohana nimezifua, nitamletea mwenyewe hapo nyumbani kwake.

Mwanao aliyebaki,
Andrea