Plamu Zilizosubiri Jalidi

Shamba la Withy Juu,
Devon.
Jumapili, 24 Novemba 2019.

Mpendwa Mama Mdogo Rosalind,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na Baba Mdogo Ewan, huko New Zealand ambako kondoo wenu wanaota jua sasa hivi. Je, mgongo wako umepata nafuu? Sisi huku hatujambo. Babu anakohoa kila akipanda ngazi, lakini ukimuuliza anasema zinazokohoa ni ngazi. Mama haumwi. Amechoka tu, na uchovu wenyewe hauondoki kwa kulala. Jioni huketi jikoni na buti za matope bado miguuni, chai ikipoa mkononi mwake.

Nimeona nikuandikie kwa sababu simu yetu iko jikoni, na hapa kila mtu ana masikio. Kabla ya Krismasi Mama atakupigia akuombe ukubali kuuza ghala pamoja na mtambo wa shaba wa kukenekea pombe ya jin. Najua nusu ya ghala ni yako tangu Bibi alipofariki. Nakuomba usome kwanza yaliyotupata, ndipo umjibu.

Mwaka huu ua wa miiba kule bondeni ulizaa plamu mwitu kuliko nilivyowahi kuona. Ulikuwa umeachwa miaka miwili bila kukatwa, kama Bibi alivyotaka siku zote, maana matawi mapya hayazai. Kufikia Oktoba miiba haikuonekana kwa wingi wa matunda. Mama alitaka tuyachume mara moja, tuyagandishe kwenye friza ili maganda yapasuke, kisha tuyaloweke kwenye jin. Babu hakutaka hata kusikia.

"Plamu huchumwa baada ya jalidi ya kwanza, Judith. Mama yako alisubiri, na bibi yako alisubiri."

"Baba, siku hizi jalidi haifuati kalenda yako."

"Basi tutaingoja."

"Baridi ya friza ni baridi ileile!"

"Friza ni ya njegere," Babu akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Tukangoja. Kila asubuhi kabla ya basi la shule niligusa nyasi za langoni nikitafuta umande ulioganda, na kila asubuhi mkono wangu ulitoka na maji matupu.

Kisha Bwana Garrick, anayefyeka nyua za bonde zima, akaleta trekta lake mapema, akihofia matope yangemzuia baadaye. Hakuna aliyekuwa amemwambia auruke ule ua wetu. Mama alidhani Babu amemwambia, na Babu alidhani Mama amemwambia. Nilipotoka shule niliukuta umenyolewa kama ukuta, matunda yamesagwa njiani, matope yote yamegeuka rangi ya zambarau. Bwana Garrick alishuka, akavua kofia.

"Mzee, nilijua mmeshachuma. Nani huacha plamu mpaka leo?"

Asubuhi iliyofuata jalidi ikaanguka, nyeupe pe, juu ya vile visiki.

Mama hakugomba. Afadhali angegomba. Alisema tu, "Mimi basi, Tamsin," akaenda kutafuta namba ya bwana mmoja anayenunua mitambo. Unajua mwenyewe kwamba watu huja kwetu kwa ajili ya jin nyekundu ya plamu. Ile nyeupe wanaipata popote. Nayo plamu hulowekwa mwaka mzima, kwa hiyo bila matunda ya sasa, Krismasi ya mwakani hatuna cha kuuza.

Jana Jumamosi nilikumbuka kile kijia cha kuelekea mtoni, kilichozama baina ya kingo mbili zenye miiba ya plamu. Ni chembamba, trekta haliingii. Babu alinishika bega tukaenda polepole, tukipumzika kila alipotaka kutazama "mandhari", yaani kila alipokosa pumzi. Ndege walikuwa wametutangulia, lakini hawakumaliza. Babu alivuta matawi kwa mkongojo wake, mimi nikachuma. Vidole vyangu vimevimba kwa miiba, ndiyo maana mwandiko huu si mzuri, nisamehe. Tulipata ndoo mbili. Hazitajaza mitungi yote ya kulowekea.

Mama alizitazama ndoo. Nilidhani Babu ataketi na mwiba wake, aanze kutoboa tunda mojamoja ili juisi itoke, kama afanyavyo kila mwaka. Badala yake alifungua friza, akatoa mifuko yote ya njegere, akaipanga mezani.

"Judith, nafasi hii inatosha?"

Mama alimtazama, akatazama njegere, akaanza kucheka mpaka akalazimika kukaa chini. "Baba, plamu hizi zimeshapigwa na jalidi! Friza ya nini tena?"

"Najua. Zitie tu. Nataka nizoee, kwa ajili ya mwakani."

Mama akaacha kucheka, akainuka akampisha Babu kwenye friza.

Tulikula njegere jana, na leo tena pamoja na nyama ya kuoka ya Jumapili. Mama hajasema kwamba hatauza. Ila leo baada ya kanisa nimemkuta ghalani akiosha mitungi, na ameosha yote, si ile ya ndoo mbili tu. Kwa hiyo akikupigia, tafadhali usiseme ndiyo wala hapana. Muulize tu kwa nini ameosha mitungi yote.

Msalimie Baba Mdogo Ewan, na binamu zangu Fenella na Rory. Babu anasema ulale vizuri na usibebe kondoo. Mungu awatunze mpaka tuonane tena katika ghala hili.

Ni mimi mwanao, nikupendaye na kukutegemea,

Tamsin